Ratili ya Nyama na Tone la Damu: Urafiki katika "Mabepari wa Venisi"

Tamthilia ya Shakespeare iliyofasiriwa na Mwalimu Julius Nyerere na kutolewa mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi imekwisha kupita katika mikono ya walimu wengi wa Kiswahili, nasi tulio katika nchi za jirani tumeipokea pamoja na maelezo yake. Maelezo hayo aghalabu ni mamoja: kwamba hiki ni kisa cha riba na tamaa ya mali, na kwamba Shylock ndiye bepari anayefichuliwa ndani yake. Mwanafunzi akiulizwa dhamira kuu ni ipi, hujibu pasipo kusita kuwa ni ubepari. Urafiki huutaja mwishoni, katika orodha ya dhamira ndogo ndogo, kama mtu anayetaja chumvi baada ya kumaliza kueleza pishi zima. Sisi tunaona kuwa mpango huo umepinduliwa, na kwamba kupinduliwa kwake kuna madhara darasani kuliko tunavyodhani.

Sehemu ya lawama, kama ni lawama, iliangukie jina. Jina la Kiingereza linamtaja mfanyabiashara mmoja tu, na huyo ni Antonio, wala si Shylock kama wengi wanavyokisia. Mfasiri ametumia wingi. Tena ametumia neno lenye historia yake. Bepari ni neno lililotufikia kutoka Bara Hindi pamoja na wafanyabiashara wa Kigujarati, na katika kamusi za zamani halikuwa na maana zaidi ya mchuuzi mkubwa, mtu wa biashara. Kufikia mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, neno hilo lilikuwa limekwisha kuwa shutuma. Kwa wingi ule mfasiri amefanya jambo la busara: amemtia Antonio, aliye Mkristo na mpole, katika kapu moja na adui yake, akatulazimisha kuuliza iwapo mwenye merikebu na mkopeshaji wana tofauti kubwa kiasi hicho. Hilo ni faida. Lakini faida hiyo ina gharama yake, kwa maana msomaji aliyekwisha kuonyeshwa mabepari tangu jaladani hukaa akimtafuta mnyonyaji, na hapo rafiki humpita mbele ya macho asimwone.

Hebu tutazame kwanza kitu alichokibadilisha Shakespeare mwenyewe. Kisa hiki hakukibuni. Alikipata katika mkusanyo wa hadithi za Kitaliano uitwao Il Pecorone, uliochapishwa mwaka 1558. Humo tajiri wa Venisi anayeweka nyama ya mwili wake rehani anaitwa Ansaldo, na kijana anayekopewa ni Giannetto. Ansaldo ni baba wa ubatizo wa Giannetto, na amempokea nyumbani mwake kama mwanawe baada ya baba mzazi kufariki. Kwa hiyo msomaji wa hadithi ile hahitaji kuuliza kwa nini mzee yule anajihatarisha. Ni baba, baba hufanya hivyo. Shakespeare aliuondoa uzazi huo. Limebaki neno moja tu katika onyesho la kwanza, Bassanio anapotajwa kuwa jamaa yake Antonio, na ujamaa huo hauchukui nafasi yoyote katika kisa kizima. Mbele yetu wamesimama watu wawili wasiofungwa na tumbo wala na ubatizo, na mmoja wao yuko tayari kukatwa ratili ya nyama kwa ajili ya mwenziwe. Swali ambalo Il Pecorone haikulazimika kuliuliza sasa linaulizwa kwa nguvu: urafiki hutoka wapi, ikiwa hautoki katika damu?

Jibu ambalo vitabu vingi hulitoa ni lile la Aristotle. Katika sura ya nane na ya tisa za kitabu chake cha maadili, mwanafalsafa huyo Myunani aliugawa urafiki mafungu matatu: ule wa manufaa, ule wa starehe, na ule wa watu wema wanaotakiana heri kwa sababu ya wema wenyewe. Fungu la tatu ndilo kamili. Mawili ya kwanza hukatika manufaa au starehe ikikoma. Ni mgawanyo mzuri, na umesaidia wahakiki wengi. Hata hivyo, wahakiki hao hao wanapoutumia kwa Bassanio humwonea. Bassanio, wanasema, anakuja kwa Antonio akiwa ana deni, anaomba fedha nyingine ili akamchumbie Portia aliyerithi mali nyingi. Basi yeye ni rafiki wa manufaa, na pengine si rafiki kabisa.

Nasi tunauliza: je, Kiswahili kinakubali mgawanyo huo? Methali ambayo kila mmoja wetu amekwisha kuisahihisha katika insha mara zisizohesabika yasema kuwa akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Kitenzi kilichomo ni kufaa. Kwa Aristotle, kumfaa mtu ni daraja la chini la urafiki. Kwa wenye methali hii, kufaa ndiyo hati yake. Neno rafiki nalo limetoka katika Kiarabu, ambako maana yake ya asili ni mwenzi wa njiani, mtu mnayefuatana safarini. Waarabu wana neno jingine la rafiki, lililojengwa juu ya shina la ukweli; shina hilo sisi tumelichukua pia, lakini likawa kusadiki, yaani kuamini. Hatutaki kujenga falsafa nzima juu ya asili ya maneno, maana mchezo huo una hatari zake, ila si neno la kupuuza kwamba watu wa pwani, waliokuwa wakingoja misimu ya upepo na kuongoza misafara hadi Ujiji na Buganda, walilichagua neno la barabarani. Mwenzi wa safari hupimwa kwa maji na mzigo. Bassanio anayemwambia Antonio shida yake pasipo kumficha, na Antonio anayeona uchungu kwa kuwa Bassanio amezungukazunguka kabla ya kuomba, wanafahamiana katika lugha hiyo.

Hapa ndipo mwalimu wa Afrika Mashariki alipo na hazina ambayo mhakiki wa Ulaya hanayo. Katika sehemu kubwa ya bara letu palikuwa na desturi ya kuufunga urafiki kwa damu. Waswahili waliita kuchanjiana, na waliofungwa hivyo wakaitwa ndugu wa kuchanjiana. Waganda waliuita mapatano hayo omukago. Walichukua tunda moja la mbuni lenye punje mbili ndani yake. Kila mmoja akachanjwa karibu na kitovu, akaipaka punje moja damu yake, na mwenziwe akaimeza. Katika Rwanda jambo hilo liliitwa kunywana, na jina latosha kulieleza. Namna zilitofautiana, lakini mahali pengi masharti yalifanana: kumpa mwenzio chakula na mahali pa kulala, kumwonya akiwa hatarini, kumtetea katika nchi ambako yeye ni mgeni, na kutomsaliti. Aliyesaliti aliangamizwa na damu aliyoimeza.

Evans-Pritchard, aliyeandika juu ya desturi hii kwa Wazande katika jarida la Africa mwaka 1933, alionyesha jambo ambalo wengi kabla yake hawakuliona. Wanazuoni waliotangulia walidhani kuwa watu huchanganya damu ili wawe ukoo mmoja, yaani wajifanye ndugu wa kuzaliwa. Yeye alisema sivyo. Mzande aliyechanjiana na mtu hakuwa jamaa yake kwa hilo. Damu ilifanya kazi kama dawa inayosikia maneno iliyoapiwa, ikamwadhibu mvunja kiapo. Tena desturi hiyo ilikuwa na kazi zinazoonekana wazi, kama biashara na usalama wa msafiri katika nchi ngeni. Kwa maneno mengine, hapa pana urafiki uliokubali waziwazi kuwa una manufaa, una masharti, una mashahidi na una adhabu, na wala hakuna aliyeona kuwa kwa sababu hiyo umepungua. Mapenzi na mkataba havikuwa maadui.

Turudi sasa Venisi tukiwa na kipimo hicho mkononi. Mkataba wa Antonio na Shylock, dukati 3,000 kwa miezi mitatu, dhamana ratili ya nyama, umezoea kusomwa kama kinyume cha urafiki. Lakini tukiusoma upya onyesho la tatu la sehemu ya kwanza, tutaona kuwa neno urafiki limo ndani ya mapatano tangu mwanzo. Antonio ndiye anayelitaja kwanza, na analitaja ili alikatae: anamwambia Shylock asimkopeshe kama rafiki, bali kama adui, ili atakaposhindwa kulipa, adhabu iweze kudaiwa pasipo haya. Shylock ndiye anayejibu kuwa angependa wawe marafiki, kwamba atayasahau matusi, na kwamba hatadai riba hata senti. Ndipo anapolileta lile sharti la nyama, akiliita mzaha.

Je, alikuwa mkweli? Wahakiki wengi wanaamua upesi kuwa alikuwa akitega mtego. Sisi hatuna haraka hiyo. Mtu aliyetemewa mate, akaitwa mbwa, na ambaye mbele ya macho yake Antonio anaahidi kumtemea tena, ana chuki ya kutosha. Lakini binti yake hajatoroka bado, wala mali yake haijaibwa, na merikebu za Antonio zi salama baharini. Yamkini Shylock mwenyewe hakujua alichokuwa akikitoa, kama ni mkono au kisu. Lililo wazi ni umbo la mapatano. Katika kuchanjiana, miili yote miwili huchanjwa, na kila mmoja huibeba damu ya mwenziwe tumboni. Katika hati ya Venisi unawekwa rehani mwili mmoja tu. Shylock hatoi ila fedha. Na mwishoni Portia, akiwa amejigeuza mwanasheria kijana, anapoitegua hati kwa kusema kuwa imetaja nyama bali haikutaja hata tone la damu, msikilizaji wa kwetu ana haki ya kushtuka kuliko yule wa London. Desturi zetu zilitaka damu pasipo nyama; Venisi imetaka nyama pasipo damu. Kilichokosekana katika hati ile ndicho hasa ambacho kingeifanya iwe ya marafiki.

Kuna ishara nyingine ambayo haifai kupitwa. Shylock anasema mapema kuwa atanunua na kuuza na Wakristo, atatembea na kuzungumza nao, lakini hatakula wala kunywa wala kusali pamoja nao. Baadaye anakwenda karamuni kwa Bassanio, kwa chuki, kama asemavyo mwenyewe. Na usiku huo huo ndipo Jessica anapotoroka na Lorenzo, rafiki wa mwenye karamu. Kwa watu waliolelewa kuamini kuwa aliyekula chakula chako ana haki kwako, nawe una haki kwake, hicho ni kisa cha kutisha, nasi tunashangaa kuwa maswali ya mitihani hayakigusi.

Tusije tukadhaniwa kuwa tunaisifu kuchanjiana kama dawa ya kila ugonjwa. Desturi hiyo nayo ilikutana na wageni, na historia yake ya mwisho ni ya huzuni. Mwaka 1876 Henry Morton Stanley alichanjiana na Mirambo, mtawala mkuu wa vita katika Unyamwezi, Manwa Sera akiwa ndiye mfanyaji wa ibada. Kila mmoja alichanjwa mguuni, na laana zikatamkwa juu ya atakayevunja. Mapatano hayo hayakumdhuru Mirambo. Mwingine hakuwa na bahati hiyo. Mwezi wa Oktoba mwaka 1890, huko Dagoretti katika nchi ya Wakikuyu, Frederick Lugard, aliyekuwa akiitumikia Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, alichanjiana na Waiyaki wa Hinga, akapata mahali pa kujenga ngome, kisha akaendelea na safari yake hadi Kampala. Haukupita muda mrefu watu wa Kampuni na wenyeji wakawa vitani. Mwaka 1892 Waiyaki alikamatwa, akapelekwa upande wa pwani, akafia Kibwezi.

Hapo miili yote miwili ilichanjwa, na bado damu haikumtetea mwenyeji. Sababu yaonekana. Kwa Waiyaki, aliyefungwa kwa kiapo ni mtu, na kupitia kwake watu wake. Kwa Kampuni, kile kilikuwa kiapo cha mtumishi mmoja aliyekwisha kuondoka. Kampuni haina tumbo la kuvimba. Kwa hiyo kipimo chetu cha miili miwili hakitoshi peke yake. Lazima pia pande zote mbili ziamini kuwa kitu kilichoingia mwilini kinasikia. Jambo hili linamrudisha msomaji kwa Antonio kwa njia isiyotazamiwa. Akiwa mfungwa chini ya ulinzi, anaeleza kwa nini Mtawala wa Venisi hawezi kuitangua hati: wageni wamepewa haki zao mjini, na biashara ya mji huo inategemea mataifa yote; haki hizo zikivunjwa, mji utashutumiwa. Venisi imewakubali wageni kwa kuwa wanaifaa. Hapo kufaa kumetengana na urafiki kabisa, na Aristotle anapata ushindi wake.

Ushindi huo hauchukui muda mrefu. Katika onyesho la mahakama, hati ikiisha kuteguliwa, inatolewa sheria nyingine ambayo hakuna aliyeitaja hapo kabla: mgeni akijaribu kumwua raia, nusu ya mali yake ni ya raia huyo, nusu ya serikali, na uhai wake u mikononi mwa Mtawala. Hatuambiwi popote kuwa Shylock amehamia Venisi kutoka mahali pengine. Aliingia mahakamani akiwa mdai, anatoka akiwa mgeni. Antonio anamwonea huruma kwa kiasi fulani juu ya mali, kisha anaongeza sharti kuwa abatizwe.

Sisi tunaofundisha katika Uganda hatuwezi kulisoma onyesho hilo kana kwamba ni la nchi ya mbali. Mwezi wa Agosti mwaka 1972, miaka mitatu tu baada ya tafsiri hii kutoka, serikali ya Idi Amin iliwapa Waasia siku 90 kuondoka nchini. Makumi ya maelfu waliondoka, wengi wao wakiwa wamezaliwa hapa, na mali zao zikagawanywa. Neno lililokuwa limewataja kwa vizazi vingi, pasipo ubaya, ni hilo hilo bepari. Hatusemi kuwa tamthilia ilisababisha neno lolote la 1972; lingekuwa jambo la kipuuzi. Tunasema kuwa mwalimu anayeingia darasani na kuwaambia wanafunzi kuwa Shylock ni bepari aliyepata alichostahili, na Antonio ni mfano wa rafiki mwema, amefundisha zaidi ya alivyokusudia. Katika darasa hilo hilo yamkini ameketi mjukuu wa mtu aliyelipata duka, na pengine mjukuu wa mtu aliyelipoteza. Ingekuwa bora mara nyingi kuwauliza swali moja rahisi: kabla ya hati kuandikwa, nani alikataa urafiki, na kwa maneno gani?

Juu ya mapenzi ya Antonio kwa Bassanio wahakiki wa Ulaya wameandika mengi, wakibishana ni ya namna gani. Kitenzi chetu kupenda, kinachomtosha mama, mke, rafiki na nchi, hakiwasaidii kuamua, nasi hatuoni kuwa ni kasoro ya lugha. Kinachotuvuta zaidi ni barua ya Antonio. Anapojua kuwa atakufa, anamwandikia Bassanio kuwa madeni yote kati yao yamefutika, ila angependa kumwona siku ya kufa. Hapo manufaa yamekwisha, hakuna anachoweza kukopa wala kukopesha, na bado ana ombi. Katika omukago, rafiki aliyeitwa namna hiyo asingekuwa na hiari ya kukataa. Bassanio ana hiari. Barua yenyewe inamwambia asije ikiwa mapenzi hayamsukumi. Anakuja. Tungependa wale wanaomwita mnyonyaji waipime siku hiyo pamoja na siku ya kukopa.

Sehemu ya tano imeandikwa kama utani, ya pete na wanandoa wanaogombezana usiku huko Belmont, na walimu wengi huiruka kwa kukosa muda. Isirukwe. Humo Antonio anarudia kuwa mdhamini wa Bassanio: alikwisha kuuweka mwili wake rehani, sasa anaiweka roho yake, kuwa mwenziwe hatavunja tena ahadi kwa mkewe. Portia anaikubali dhamana hiyo, anampa Antonio pete, na Antonio anamkabidhi Bassanio. Hakuna hati, hakuna mizani wala kisu. Jozi tatu za wapenzi zimesimama hapo. Shylock hayupo, anatajwa tu kama Myahudi tajiri aliyetia sahihi kuwa mali yake itakuwa ya Lorenzo na Jessica atakapokufa. Antonio anapewa barua, anasoma humo kuwa merikebu zake tatu zimefika bandarini salama, anashukuru kwa maneno machache, na wanandoa wanaanza kuingia ndani.